Umekata shauri Jumapili? Jumatatu anza hivi

Bwana asifiwe. Jumapili uliitwa mbele, ukaongozwa sala ya toba, kanisa zima likashangilia. Jumatatu alfajiri uko stendi Mbagala Rangi Tatu kama kawaida na hakuna wa kukupigia vigelegele. Mimi nilipookoka nilikuwa konda wa ruti ya Makumbusho. Kufika Jumatano nikadhani wokovu umeshaniisha mwilini.

Soma Injili ya Marko. Ina sura 16 tu; moja kwa siku, wakati gari linajaza. Usianzie Mwanzo kwa fujo kama mimi: nilikwama Walawi 13, kwenye habari za ukoma, nikaifunga Biblia miezi miwili.

Kusali, sali kifupi. Baba Yetu yatosha kabla hujaita abiria wa kwanza.

Halafu tafuta mtu wa kukuuliza maswali. Simaanishi mchungaji, yeye ana kondoo wengi. Wangu alikuwa mama muuza uji pale stendi, mzee wa kanisa. Hakunihubiria hata siku moja. Alikuwa anamimina uji, anauliza: "Mwanangu, jana chenji umerudisha?" Alijua ugonjwa wetu makonda: "nitakupa mbele," mpaka abiria anashuka amesahau. Nikamwambia Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia, alirudisha mara nne, mimi abiria niliowadhulumu miaka mitano nitawatoa wapi? Akasema, "Anza na mia mbili ya huyu wa leo."

Nikaanza. Ila kuna deni lenye mwenyewe anayejulikana, na hilo usilizungushe. Nilikuwa namficha tajiri, mwenye gari, tripu za usiku. Nilimfuata nikamwambia, akaninunia wiki nzima, nikamlipa kidogo kidogo kwenye posho yangu. Hakunifukuza; wewe anaweza kukufukuza, nenda ukijua hivyo.

Utaanguka pia. Mimi nilimtukana abiria, mama mmoja, pale Mtongani, mbele ya gari zima, na Biblia iko kwenye dashibodi. Omba msamaha kabla hajashuka. Ukingoja Jumapili utamwomba Mungu, na yule mama wa watu atabaki na tusi lake. Yesu, kwenye Luka 9:23, alisema msalaba ni wa kila siku.

Madarasa ya ubatizo kaulize kanisani kwako, kila dhehebu lina utaratibu wake.

Siku hizi mimi ndiye dereva. Uji bado nakunywa palepale, ila mama kabadilisha swali: "Na konda wako, unamlipa kwa wakati?"