Kasa Akinaswa Kwenye Jarife: Usimrudishe Majini Kabla Hajapata Pumzi

Kasa anapumua kwa mapafu. Akiwa ametulia chini kwenye majani ya bahari anaweza kukaa saa kadhaa bila kuibuka, lakini aliyenaswa anapambana na uzi, na hewa yake inaisha upesi. Ndiyo maana jarife, yaani wavu wa macho makubwa, linalotegwa jioni na kuvutwa alfajiri ni hatari kwake kuliko dema (mtego wa samaki) au mshipi. Ukiweza, kagua jarife mara moja usiku. Mvuvi atasema mafuta ni ghali, na ni kweli, ila kasa mkubwa akishajizongomeza, wavu unaochanika nao una gharama yake.

Unapompandisha, mshike pande zote mbili za gamba. Usimvute kwa mapezi wala kwa uzi uliomnasa, maana mapezi huteguka. Kata uzi wote uliomzunguka shingo na mapezi, hata kama ni jicho moja tu la wavu limebaki.

Wavuvi wengi wenye huruma hukosea hapa: wanamwona amelegea, wanadhani amekufa au "akipata maji atazinduka", wanamtupa. Kasa aliyezimia akirudishwa majini anazama na kufa. Mguse taratibu pembeni mwa jicho, au mfinye mkia. Akitikisika hata kidogo, yu hai. Asipotikisika, bado usimkatie tamaa, kwani wapo wanaozinduka baada ya saa nyingi.

Mlaze kifudifudi, usimpindue chali. Sehemu ya nyuma iinue sentimita 15 au zaidi, kwa kukunjia wavu au gunia chini yake, ili kichwa kiwe chini na maji ya mapafuni yatoke. Kila baada ya muda mwinue upande mmoja wa gamba kidogo, kisha upande wa pili, polepole. Mtie kivulini, mfunike gamba kwa gunia bichi, lakini pua iwe wazi. Usimmwagie maji usoni wala kumtia kwenye beseni la maji. Mpe saa nne hadi 24. Kasa aliyekakamaa au aliyeanza kunuka, huyo amekwisha.

Kwenye ngalawa hakuna nafasi ya kumlaza kasa mzima na samaki pia. Mlete pwani, ila piga simu kwanza kwa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi pwani) au afisa uvuvi. Kasa analindwa na sheria Tanzania na Kenya, na anayekutwa naye chomboni bila taarifa anaweza kudhaniwa mwindaji. Watamu, Kenya, wavuvi wamezoea utaratibu huu: wanaliita shirika la Local Ocean Conservation, kasa anapimwa, na aliyeumia anapelekwa kwenye kituo chao cha matibabu.

Kasa akiwa amemeza ndoana, usiing'oe. Kata mshipi karibu kabisa na mdomo. Ikiwa ndoana imeshika nje na ncha inaonekana, kata ncha kwa koleo kisha itoe kwa kuirudisha nyuma.

Akishachangamka na kuinua kichwa kupumua, mwachie. Mashine iwe imetolewa gia, nyavu ziwe nje ya maji, umshushe taratibu kwenye tezi, nyuma ya chombo, akitanguliza kichwa, na uhakikishe ameondoka kabla hujawasha mwendo. Ukiona kibati chenye namba kwenye pezi, andika namba, mahali na tarehe, umpe afisa uvuvi. Usikibandue.

Aliyekufa naye asiende jikoni. Machi 2024 watu tisa, wanane wakiwa watoto, walifariki kisiwani Panza, Pemba, baada ya kula nyama ya kasa, na Novemba 2021 Pemba hiyohiyo ilipoteza watu saba. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika, na huwezi kuijua kwa kumtazama kasa wala kwa ladha. Toa taarifa BMU, waje wamwone, kisha azikwe juu ya mstari wa maji makuu.