Darasa la saa 2 asubuhi: jinsi ya kupanga usingizi ukisoma Mombasa

Wanafunzi wengi huingia mwaka wa kwanza wakiamini kuamka mapema ni jambo walilolizoea tangu bweni. Kule kulikuwa na kengele, prepu ya alfajiri na mwalimu wa zamu mlangoni. Chuoni hakuna anayekuzimia taa wala anayekuamsha, na darasa la saa 1 au saa 2 asubuhi bado liko palepale kwenye ratiba. Wanaofika wakiwa macho ni wale waliopanga saa moja tu, ile ya kuamka, wakaishikilia siku zote saba. Saa ya kulala huhesabiwa kutoka hapo kurudi nyuma.

Hesabu yenyewe

Kijana wa miaka 18 hadi 25 anahitaji masaa 7 hadi 9 ya usingizi kila usiku. Anza na 8. Tuseme unakaa Mtwapa na darasa liko Tudor saa 2:00. Pima safari yako siku ya kazi, wakati ule ule wa asubuhi. Kipimo cha Jumapili kitakudanganya. Ikiwa ni dakika 60, ongeza 15 za akiba kwa msongamano wa daraja la Nyali, kisha 40 za kuoga, kuvaa na kunywa chai. Utaamka saa 12:05. Ukirudi nyuma masaa 8 unapata saa 4:05 usiku, na kwa kuwa mtu hasinzii papo hapo, toa dakika 20 nyingine. Basi saa 3:45 usiku uko kitandani na taa imezimwa.

Wa Likoni wafanye hesabu kwa siku mbaya. Feri huvuka kwa dakika chache tu. Kinachokula muda ni kungoja, na kungoja huko hakuna kipimo. Mvua za masika za Aprili na Mei zikianza, ongeza dakika 20 au 30 bila kusubiri kuchelewa kwanza.

Kwa anayeswali alfajiri hesabu inabadilika. Adhana hapa hucheza karibu na saa 11:00, miezi yote. Kosa linalowaangusha wengi ni kuamka, kuswali, halafu kurudi kitandani saa 11:40 kwa "dakika kumi tu". Mwili unaanza usingizi mpya, simu inaukata katikati, na unaamka mzito kuliko ulivyokuwa msikitini. Ifanye alfajiri ndiyo saa yako ya kuamka na uingie kitandani kati ya saa 2:30 na saa 3:00 usiku, baada ya Isha na chakula. Inasikika kama ratiba ya wazee, lakini ule muda wa alfajiri hadi saa 12 ni wa kimya kabisa, na somo gumu linaingia vizuri kuliko linavyoingia saa 6 usiku.

Kusogeza saa ya mwili

Ukiwa umezoea kulala saa 8 usiku, kulala saa 4 leo hakuwezekani kwa amri. Saa ya mwili huchelewa zaidi katika umri wa ujana na hufikia kilele chake karibu na miaka 20. Homoni ya melatonini, inayouandaa mwili kulala, hutoka kwa kuchelewa. Basi msimwite mwenzenu mvivu. Saa hiyo husogea, ila polepole: dakika 30 kila siku mbili. Kutoka saa 8 hadi saa 4 ni hatua nane, yaani siku 16. Anza zaidi ya wiki mbili kabla ya muhula kufunguliwa.

Kama muhula umeshaanza, ingia kwa upande wa pili. Amka kwa saa yako mpya kuanzia kesho, hata kama ulilala kwa kuchelewa, usilale mchana, na usiku usingizi utakuja mapema wenyewe. Siku mbili tatu za mwanzo zitakuwa na kusinzia. Siku hizo usiendeshe pikipiki wala gari.

Kinachoshika saa mpya isirudi nyuma ni mwanga wa asubuhi. Mombasa hatuna kisingizio cha majira: jua huchomoza kati ya saa 12 hivi na saa 12 unusu mwaka mzima. Toka nje ndani ya nusu saa baada ya kuamka, au mara tu kukipambazuka ikiwa umeamka gizani, ukae dakika 15 hadi 20: barazani, kwenye paa, au tembea hadi stejini badala ya kupanda tuktuk. Taa ya chumbani haitoshi. Hata asubuhi ya mawingu, mwanga wa nje huizidi balbu mara nyingi mno. Hili linawahusu hasa wanaokaa vyumba vya ndani visivyo na dirisha la maana, ambako saa 3 asubuhi na saa 3 usiku zinafanana.

Joto, adui mkubwa wa usingizi wa Pwani

Vitabu vingi vya usingizi vimeandikwa na watu wa nchi baridi, na ushauri wao wa chumba cha nyuzi 18 hauna maana kwa mtu wa Kisauni mwezi wa Februari. Ili uingie ndani ya usingizi, joto la ndani ya mwili lazima lishuke kidogo, na mwili hulitoa kupitia ngozi, hasa ya mikono na miguu. Majira ya kaskazi, Desemba hadi Machi, hewa ina unyevu mwingi, jasho halikauki na joto halina pa kutokea. Kwa hiyo unachotafuta ni hewa inayotembea.

Nyumba ya zege au mabati huhifadhi joto la mchana hadi usiku. Hewa ya nje ikipoa kuliko ya ndani, weka feni dirishani ikiangalia ndani, na ufungue mlango au dirisha la upande wa pili ili ile hewa ya moto ipate njia. Acha hivyo nusu saa. Wakati wa kulala ihamishe, ipulize kuelekea miguuni. Usoni itakukausha koo na macho.

Oga maji ya vuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala. Maji baridi sana yanaburudisha, lakini yanaifanya mishipa ya ngozi ijibane, na baada ya muda mfupi joto linarudi. Godoro la sponji nalo hushika joto: tandika mkeka juu yake, kisha shuka la pamba, na ujifunike leso au kikoi. Chandarua ukifunge juu, kikiwa kipana, kiwiko kisikiguse, maana mbu huuma kupitia matundu. Kwa kuwa chandarua hupunguza upepo, feni isogezwe karibu. Stima ikipotea, lowesha leso, ikamue sana, uitandaze juu ya miguu.

Jioni

Kikombe cha kahawa chungu barazani baada ya Isha ni kitu kitamu, na gharama yake huonekana asubuhi. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya masaa 5 hivi. Uliyokunywa saa 3 usiku, nusu yake bado inafanya kazi saa 8 usiku. Hata ukilala, usingizi unakuwa mwepesi. Mwisho wa kahawa, chai nzito na vinywaji vya kuongeza nguvu uwe saa 8 mchana, au saa 10 alasiri kwa asiyeathirika sana. Muguka na miraa ni habari nyingine. Kathinoni iliyomo huondoa usingizi wenyewe, na anayetafuna ili asome usiku kucha hulipa kesho yake kwa kusinzia darasani, halafu hutafuna tena ili aamke.

Viazi karai na mishkaki ya saa 4 usiku huleta kiungulia ukilala. Kula angalau masaa mawili kabla.

Simu ichajiwe mbali na kitanda. Mwanga wake unachangia, lakini kinachokula usiku zaidi ni video inayofuata video. Mnaokaa wawili au watatu chumbani, kubalianeni saa ya kuzima taa kubwa. Anayesoma atumie taa ndogo ya mezani na visikizi. Vizibo vya masikio vya sponji vinapatikana kwenye maduka mengi ya dawa, lakini wengi huvivaa vibaya: kibingirishe kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, ukishikilie sekunde 30 kijae. Ukivitumia, hakikisha bado unasikia kengele yako. Na ukiamka na vipele vilivyojipanga mstari, kagua mishono ya godoro. Kunguni hawatibiwi kwa ratiba.

Kengele na asubuhi

Weka kengele moja, kwa saa utakayoamka kweli, simu ikiwa mahali ambapo lazima usimame kuifikia. Kengele tano za kuanzia saa 11:15 zinakatakata usingizi wa mwisho bila faida. Dakika 15 hadi 30 za kwanza akili huwa bado nzito, huo ni mwendo wa kawaida wa ubongo, kwa hiyo usizitumie kuamua kama darasa la leo lina umuhimu. Nguo na begi viwe tayari tangu jana.

Adhuhuri, pata kailula. Dakika 20, kabla ya saa 9 alasiri, na kengele imewekwa. Ukipita nusu saa unaingia usingizi mzito na utaamka na kichwa cha mawe.

Siku zinazoharibu mpango

Wikendi usiamke zaidi ya saa moja baada ya saa yako ya kawaida. Ukilala hadi saa 5 asubuhi Jumapili, usiku wake usingizi hauji, na Jumatatu imeshaharibika. Mechi za Ligi ya Mabingwa Ulaya zinazoanza saa 5 usiku kwa saa zetu huisha karibu saa 7. Ukichagua kutazama, amka saa ile ile kesho yake na ufidie kwa kailula na kulala mapema. Harusi vivyo hivyo.

Usiku wa kuamkia mtihani, wanaokesha hupoteza zaidi ya wanachopata, kwa sababu ubongo hupanga na kuhifadhi ulichosoma wakati umelala. Funga vitabu saa 4 usiku, amka saa 10:30 alfajiri urudie yale magumu. Ukizidiwa kabisa, dakika 90 za usingizi ni bora kuliko sifuri.

Ramadhani inahitaji usingizi wa vipande. Baada ya tarawehe, lala saa 4:30 hadi saa 10 kasoro robo kwa daku. Baada ya swala ya alfajiri lala tena saa 11:30 hadi saa 12:45 kama safari yako ni fupi, kisha nusu saa adhuhuri. Jumla inafika masaa 7. Wa mbali wafupishe kipande cha alfajiri na warefushe cha adhuhuri.

Na ratiba yenyewe si lazima iwe amri ya milele. Somo likiwa na makundi mawili, omba la saa 4 kabla nafasi hazijajaa. Mkipeleka ombi la darasa zima kupitia mwakilishi wenu, nendeni na hoja: mjini Seattle, Marekani, shule za sekondari zilisogeza masomo mwaka 2016 kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45 asubuhi, na vifaa vya kupima usingizi vilivyovaliwa mkononi vilionyesha wanafunzi wakilala wastani wa dakika 34 zaidi kwa usiku. Hawakuutumia ule muda wote kukesha.

Mwone daktari ukikoroma huku pumzi zikikatika, ukisinzia kwenye matatu kila siku ilhali unalala masaa 8, au ukikosa usingizi usiku tatu au zaidi kwa wiki kwa miezi mitatu. Piriton, ambazo wengi humeza ili walale, ni dawa ya mzio. Uzito wake hubaki hadi asubuhi na utausikia ukiwa darasani.