Kabla ya Kuchoma Mabaki ya Shamba, Tazama Mteremko na Upepo

Radi huweza kuwasha msitu, lakini mioto mingi ya nyika huanzishwa na watu: kipande cha sigara, cheche za mashine, waya wa umeme ulioanguka, au rundo la mabaki ya shamba lililoachwa likifuka. Hilo la mwisho ndilo lililo rahisi zaidi kuepukika.

Usidanganywe na umande wa asubuhi, kwa kuwa nyasi zilizokufa hukauka ndani ya saa moja hivi hewa inapopungua unyevu, na zile zilizokataa kuwaka saa moja asubuhi zinaweza kulipuka saa nane mchana. Usichome chini ya mteremko wenye majani makavu, kwa sababu moto unaopanda huinamisha ndimi zake juu ya majani yaliyo mbele na kuyakausha kabla ya kuyafikia. Kwa makadirio ya wazima moto, kasi yake huongezeka karibu maradufu kwa kila nyuzi 10 za mwinuko. Ukanda uliofyekwa husaidia, ingawa upepo mkali hurusha makaa na kuuvuka, hivyo siku ya upepo ni afadhali kuahirisha kazi.

Ukimaliza, mwaga maji, koroga majivu hadi yasitoe mvuke, kisha rudi kesho yake kuyakagua, maana mizizi iliyoshika moto huendelea kuungua chini ya ardhi pasipo moshi kuonekana.