Namna ya Kuweka Wakili Mzoefu wa Ardhi na Haki za Msingi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza ardhi ya ukoo aliyoirithi kwa wosia wa baba yake, alikuwa na haki ya kuiuza sawa na mwanamume yeyote wa ukoo huo. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, ambao haki yao ya kimila ilikuwa imefutwa na sheria iliyotungwa baada ya wao kushinda mahakamani. Mahakama ilisema kwamba haki ya kimila ya kukalia ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Mashauri yote mawili yalianza kama migogoro ya kawaida ya viwanja na mashamba, lakini yakaishia kwenye Katiba.

Ndiyo maana mtu anayenyang'anywa ardhi, hasa na chombo cha umma, anahitaji wakili anayeyajua maeneo yote mawili. Nimeandika mwongozo huu kwa kuzingatia sheria za Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na utaratibu wake wa mawakili, na msomaji wa huko atafute ushauri wa huko.

Hatua ya 1: Jua unagombana na nani, kisha hesabu muda

Kabla ya kumpigia wakili yeyote simu, jibu swali moja: aliyekugusa ni mtu binafsi, au ni serikali, halmashauri, wakala au shirika la umma? Jibu hilo ndilo linaloamua shauri litafunguliwa wapi, na ndani ya muda gani.

Dhidi ya mtu binafsi, dai la kurudishiwa ardhi lina ukomo wa miaka 12. Dhidi ya serikali, ikiwemo serikali ya mtaa, unapaswa kutoa notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi ya madai, kesi hiyo hufunguliwa Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe kama mdaawa, yaani mmoja wa wahusika wa kesi. Ikiwa unapinga uamuzi wa ofisi ya umma na unataka mahakama iufute, kibali cha kuleta maombi hayo huombwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi ulipotolewa. Watu wengi hufika ofisini mwetu mwezi wa saba au wa nane tangu uamuzi huo, baada ya kuzungushwa kwa maneno ya "njoo wiki ijayo" na maofisa ambao pengine hawakuwa na nia mbaya. Barua za malalamiko ziandikwe, lakini zisikufanye usahau kalenda.

Hatua ya 2: Panga nyaraka zako

Andika kwenye karatasi moja tarehe na tukio, tarehe na tukio, kuanzia siku uliyopata ardhi hadi leo. Usieleze hisia wala usitoe hukumu. Andika kilichotokea, nani alikuwepo, na karatasi gani inathibitisha. Kisha panga nakala kwa mfuatano huohuo: hati miliki, barua ya toleo, leseni ya makazi au hati ya hakimiliki ya kimila, mkataba wa mauziano, stakabadhi za kodi ya pango la ardhi, fomu za uthamini ikiwa ulithaminiwa, notisi na barua zote, pamoja na picha.

Kama ardhi imesajiliwa, omba upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati, maana mara nyingine mgogoro halisi umejificha humo: rehani usiyoijua, zuio lililowekwa na mtu mwingine, au jina ambalo si la aliyekuuzia. Kama ni ardhi ya kijiji, tafuta muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji kilichoidhinisha mauziano au ugawaji. Mkataba uliosainiwa mbele ya mwenyekiti peke yake, hata ukiwa na mihuri mitatu, hautoshi kuziba pengo la idhini hiyo.

Nyaraka halisi zikae kwako. Wakili apewe nakala, na akihitaji halisi kwa ajili ya ushahidi, aandike kwamba amezipokea.

Hatua ya 3: Tafuta majina kwenye hukumu, usitegemee sifa za mdomoni pekee

Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII. Tafuta mashauri yanayofanana na lako, kwa mfano ya fidia ya utwaaji ardhi, ya ardhi ya kijiji, ya mirathi au ya ubomoaji, kisha soma aya za mwanzo, ambako mara nyingi hutajwa mawakili wasomi waliowakilisha kila upande.

Usihesabu ushindi peke yake, kwa kuwa wakili hodari anaweza kushindwa kesi isiyo na ushahidi. Angalia zaidi kesi ziliishaje. Shauri lililosikilizwa hadi mwisho na kuamuliwa kwa uzito wa ushahidi linaonyesha wakili aliyefungua mlango sahihi. Mashauri kadhaa ya wakili mmoja yaliyotupwa kwa pingamizi la awali, kwa sababu ya kukosa notisi, kumshitaki asiyepaswa kushitakiwa au kupitwa na wakati, yanakuambia jambo ambalo yeye mwenyewe hatakuambia.

Hatua ya 4: Hakiki kwamba ni wakili kweli

Kuwa na shahada ya sheria hakumpi mtu ruhusa ya kukuwakilisha Mahakama Kuu. Chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, lazima jina lake liwe kwenye daftari la mawakili na awe na cheti cha kufanya kazi ambacho huhuishwa kila mwaka. Tafuta jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania, au uliza Chama cha Mawakili wa Tanganyika. Wakili halisi hachukii kuulizwa. Vishoka ndio hukasirika. Athari yake si ndogo, kwani nyaraka iliyoandaliwa na mtu asiye na cheti hai inaweza kuondolewa mahakamani pamoja na kesi yenyewe.

Hatua ya 5: Tumia kikao cha kwanza kumpima

Hapa ndipo uamuzi wako unapaswa kufanyika. Kipimo changu ni kimoja: sikiliza anauliza nini kabla ya kusikiliza anaahidi nini.

Chukua mfano wa mama mwenye nyumba kando ya barabara kuu, ambayo imepigwa alama ya X. Wakili asiye na uzoefu atamwambia mara moja kwamba Katiba inamlinda na kwamba watakwenda Mahakama Kuu. Mzoefu atasema hivi: "Mama, alama ni nyekundu au ya kijani? Iliwekwa lini? Umepewa notisi ya maandishi? Nyumba iko mita ngapi kutoka katikati ya barabara, na ulijenga mwaka gani?" Maswali hayo yana sababu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Aliyekuwamo ndani ya hifadhi ya zamani kwa kawaida hupigwa X nyekundu na huhesabiwa kuwa mvamizi, ilhali aliyekutwa na upanuzi huo hupigwa ya kijani na anastahili fidia. Mita chache na mwaka wa ujenzi vinaweza kuamua kesi nzima.

Kisha muulize atapita njia gani, na kwa nini asipite nyingine. Kwa mgogoro wa watu binafsi, atakueleza kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu na haliamui tena, na kwamba Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi shauri mpaka Kata ithibitishe kuwa usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite bila suluhu. Atakuuliza pia thamani ya eneo, kwa kuwa mamlaka ya Baraza la Wilaya katika madai ya kurudishiwa ardhi yana kikomo cha shilingi milioni 300.

Akikuambia mtafungua shauri la kikatiba, mwombe akueleze mambo mawili. La kwanza ni namna atakavyoonyesha katika kiapo jinsi wewe binafsi ulivyoathirika, kama marekebisho ya mwaka 2020 ya sheria ya kudai haki za msingi mahakamani yanavyotaka. La pili ni kwa nini hakuna nafuu nyingine ya kutosha, maana Mahakama Kuu haitumii mamlaka hayo pale ambapo ipo njia nyingine. Mimi humwogopa wakili anayeikimbilia Katiba kwa kila kesi kama ninavyomwogopa yule asiyeitaja kabisa.

Swali la mwisho linahusu siku 90 za notisi: tingatinga likija siku ya ishirini, mtafanya nini? Mzoefu atakutajia maombi ya Mareva, ambayo huletwa Mahakama Kuu ili hali ya eneo ibaki ilivyo wakati notisi haijaisha. Wakili asiyewahi kuyafikiria maombi hayo hafai kwa mgogoro wa aina hii.

Kwa wanaodai fidia, mpime pia kwa Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016. Fidia inapaswa kulipwa ndani ya miezi 6 tangu Mthamini Mkuu aidhinishe. Ikichelewa inaongezewa riba, na ikipita miaka miwili bila malipo uthamini huo hupoteza nguvu. Bei ya soko ya ardhi na nyumba si fidia yote, kwani ipo pia posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara.

Hatua ya 6: Uliza kuhusu mgongano wa maslahi

Mtajie majina yote ya upande wa pili, pamoja na benki, dalali na kampuni ya upimaji. Kama aliandaa mkataba wa mauziano kwa niaba ya pande zote mbili, tafuta mwingine, kwa kuwa huenda akaitwa kuwa shahidi katika kesi yako.

Hatua ya 7: Andikeni makubaliano ya ada

Ada za mawakili zinaongozwa na kanuni za mwaka 2015, lakini bado kuna nafasi ya kupatana. Mkataba utenganishe ada yake na gharama nyingine: ada za mahakama, mthamini, mpima ardhi, nauli, na safari ya mahakama au baraza kutembelea eneo. Ueleze ada inagharimia hatua gani, na kwamba rufaa ni kazi nyingine. Ueleze nani hasa atasimama mahakamani, yeye au msaidizi wake. Uandike kwamba hakuna suluhu itakayosainiwa bila ridhaa yako ya maandishi, na kwamba fidia italipwa kwenye akaunti yako. Lipa kwa awamu, na kila malipo yawe na risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi.

Una haki pia ya kuelewa kinachoandikwa kwa jina lako. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kwa mujibu wa sheria. Kiapo usichokielewa usikisaini.

Hatua ya 8: Kama huna uwezo wa kulipa

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada waliosajiliwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake na TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, vina uzoefu wa migogoro ya ardhi, hususan ya wajane. Nenda mapema na nyaraka zilizopangwa kama nilivyoeleza, kwa sababu wao pia wanabanwa na ukomo wa muda.

Hatua ya 9: Fuatilia shauri lako

Baada ya kufungua, pata namba ya shauri, jina la jaji au mwenyekiti, na tarehe inayofuata. Hudhuria hata pale unapoambiwa si lazima. Katika mabaraza ya wilaya, hukumu nyingi zilifutwa kwenye rufaa kwa sababu maoni ya washauri wa baraza, wanaokaa na mwenyekiti kusikiliza shauri, hayakusomwa mbele ya wadaawa, na mdaawa aliyekuwepo chumbani ndiye angeweza kumkumbusha wakili wake.

Ukiona tarehe zinapita bila taarifa, mwandikie wakili kwanza. Akikaa kimya, unaweza kulalamika kwa Kamati ya Mawakili, na unaweza kubadilisha wakili wakati wowote mradi mahakama ijulishwe. Ukibadilisha baada ya hukumu, usisubiri jalada lote likabidhiwe: rufaa kutoka Baraza la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ina siku 45, na notisi ya kukata rufaa kwenda Mahakama ya Rufani ina siku 30. Omba nakala za hukumu kwa barua siku ileile inaposomwa, ubaki na nakala ya barua hiyo yenye mhuri wa kupokelewa, na umpe wakili mpya barua hiyo kabla ya kitu kingine chochote.