Kuupanga mwaka wa kituo cha msaada wa kisheria wilayani

Kituo kidogo cha haki za binadamu wilayani, chenye wasaidizi wa kisheria wanne au watano na chumba cha kupanga, huanza Januari na mpango kazi uliojaa semina. Ikifika Aprili mpango umelala kabatini, kwa sababu watu wanaokaa kwenye benchi la nje hawafuati ratiba ya semina. Wanakuja mvua inapoanza, mazao yanapouzwa, shule zinapofunguliwa, na msiba unapoanuliwa. Kwa hiyo bandikeni ukutani kalenda mbili: moja ya misimu ya wilaya yenu, nyingine ya tarehe za mwisho za kila shauri mlilo nalo. Semina zipewe nafasi itakayobaki. Maelezo haya ni ya Tanzania Bara.

Rejista na jalada

Kabla ya Januari kwisha, fungueni kaunta buku moja la kwaya 4 liwe rejista. Safu zake ziwe hizi: namba ya jalada, tarehe, jinsia na umri, kijiji, aina ya tatizo, hatua iliyochukuliwa, tarehe inayofuata, msaidizi anayehusika, matokeo. Jina la mteja lisiwemo. Likae ndani ya jalada, na jalada likae kwenye kabati lenye kufuli. Rejista hushikwa na wengi, na wilayani kila mtu ni ndugu au jirani wa mtu.

Safu ya kulindwa kuliko zote ni ya "tarehe inayofuata". Isiachwe wazi hata siku moja. Shauri likiwa linasubiri majibu ya ofisi fulani, andikeni siku mtakayokwenda kuuliza. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi pitieni rejista yote kwa sauti, na kila jalada ambalo halijaguswa kwa siku 30 liwekwe mezani. Mashauri mengi hayapotei kwa kushindwa mbele ya hakimu. Yanapotea kwa kusahauliwa.

Mahojiano ya kwanza yapewe dakika 45 hadi saa nzima. Mwache mteja asimulie mara ya kwanza bila wewe kushika kalamu. Mara ya pili andika kwa mfululizo wa tarehe. Kosa la kawaida ni kuandika hukumu badala ya tukio: "ameporwa shamba" haimsaidii mtu yeyote. Andika nani aliingia, mwezi gani, mpaka ni mti gani au mfereji gani, majirani wa pande nne ni akina nani, na nani alikuwepo shamba lilipogawiwa. Kisha uliza maswali matatu: umeshakwenda wapi? Una karatasi gani? Kuna tarehe yoyote uliyopangiwa au iliyopita? Hilo la tatu ndilo huokoa shauri.

Nyaraka halisi zisilale ofisini. Toeni nakala, mrudishieni mwenyewe papo hapo, asaini kuwa amezipokea. Hati ikipotea mikononi mwenu, mmemmaliza mtu aliyewaamini.

Siku zinazohesabiwa

Hizi ziandikwe kwa maandishi makubwa karibu na kalenda:

- Rufaa ya shauri la madai au jinai kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya: siku 30.
- Rufaa kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu: siku 45.
- Madai ya kurejeshewa ardhi: miaka 12 tangu haki ya kudai ilipoanza.
- Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo: miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. 5; hesabu ya mirathi kwa Fomu Na. 6 huwasilishwa kwa tarehe ambazo mahakama itapanga.
- Mtuhumiwa aliye mahabusu ya polisi: saa 24 kupewa dhamana au kufikishwa mahakamani.

Mteja akitoka mahakamani na kusema "nimeshindwa", siku hiyohiyo aandike barua ya kuomba nakala ya hukumu, na ibaki kopi yenye mhuri wa mapokezi. Asiye na kopi hiyo atapata shida kueleza baadaye kwa nini amechelewa.

Mirathi ina mtego wake. Familia hufurahi ndugu yao akiteuliwa msimamizi, kisha kila mtu hurudi nyumbani kana kwamba kazi imekwisha. Hapo ndipo mjane huondolewa taratibu. Jalada la mirathi lisifungwe siku ya uteuzi: wekeni tarehe ya mwezi wa pili na ya mwezi wa nne, mwende mkaulize kama fomu zimewasilishwa.

Misimu

Januari huleta watoto ambao hawajaripoti kidato cha kwanza na wazazi walioachiwa mzigo peke yao. Madai ya matunzo huanzia kwa ofisa ustawi wa jamii. Mama aje na cheti cha kuzaliwa au tangazo la kizazi, pamoja na orodha ya matumizi halisi ya mwezi: unga, sabuni, daftari, nauli. Orodha ya namna hiyo husikilizwa kuliko kutaja kiasi kikubwa kisicho na mchanganuo. Wiki ya Sheria, mwishoni mwa Januari kuelekea Siku ya Sheria, mahakimu hutoka kuonana na wananchi. Nendeni na majalada yenu magumu mkaulizie utaratibu, msiende kupiga picha tu.

Mvua za kupandia zikianza, migogoro ya mipaka huanza nazo. Hapa wengi hupoteza miezi kwa kugonga mlango usio wake. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu ya ardhi, linasuluhisha tu. Lazima mlalamikaji apitie Kata kwanza, kisha aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya akiwa na uthibitisho wa Kata kwamba usuluhishi umeshindikana, au bila uthibitisho huo ikiwa siku 30 zimepita bila mgogoro kusuluhishwa. Akiiruka Kata, shauri halisikilizwi. Kwa hiyo hesabuni siku tangu malalamiko yalipopokelewa Kata, si tangu siku alipokuja kwenu. Barabara nazo huharibika wakati huu, basi safari za vijiji vya mbali zimalizwe kabla.

Juni hadi Agosti, baada ya mavuno, wanawake waliolima huja kusema gunia zimeuzwa na fedha hawajaiona. Mengi ya haya yanasuluhishika. Msuluhishi aandike makubaliano kwa tarakimu na tarehe za malipo, yasainiwe na pande zote na mashahidi wawili, kisha rejista ipewe tarehe ya kwenda kukagua. Ndoa ikiwa imevunjika kabisa, kwa kawaida shauri la talaka hutakiwa lipite kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Bila hati ya baraza hilo, mtarudishwa.

Septemba, darasa la saba wakimaliza mtihani, ongezeni macho kwa wasichana wanaoozwa. Katika maeneo yenye ukeketaji, mkoani Mara kwa mfano, hatari huwa kubwa likizo ya Desemba. Kazi yake ifanyike Oktoba na Novemba: kukubaliana na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, walimu na watendaji nani atampokea mtoto akikimbia usiku, na kwa gari la nani. Kampeni ya Siku 16, kuanzia 25 Novemba hadi 10 Desemba, itumike kutangaza mpango huo. Namba 116 ya kusaidia watoto iandikwe kila ubao wa shule.

Ukatili hausuluhishwi

Ubakaji, ulawiti na kipigo havikai kwenye meza ya usuluhishi, hata wazee wa pande zote wakija na mbuzi. Msaidizi atakayekubali kuandika makubaliano hayo amemsaidia mkosaji kuficha jinai.

Aliyebakwa apelekwe hospitali kwanza. Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Fomu ya polisi, PF3, ifuatiliwe sambamba na mtu wa pili, isimcheleweshe mgonjwa. Asioge kabla ya kupimwa. Nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Nailoni hushika unyevu na kuharibu ushahidi. Asihojiwe na watu watatu tofauti: mmoja tu aandike, wengine wakae kimya. Picha yake isipigwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika pia kwa vituo vidogo, na ridhaa ya mteja iandikwe kwa lugha anayoielewa, isomwe kwa sauti kabla hajasaini.

Fedha na Desemba

Bajeti nyingi hupotoka kwenye nauli. Shauri moja la ardhi tengeeni safari nne hadi sita, pamoja na nauli ya shahidi, maana shahidi asiye na nauli hafiki, na shauri huahirishwa. Huduma ni bure. Msaidizi asipokee hata "ya soda", na asisimame mahakamani kumwakilisha mteja kama wakili. Kazi yake ni kumwandaa mteja aseme mwenyewe.

Ada na ripoti ya mwaka kwa Msajili wa watoa msaada wa kisheria zipewe nazo tarehe kwenye kalenda. Katika ripoti, tofautisheni waliopokelewa, walioelekezwa kwenye ofisi nyingine, na waliopata haki yao mkononi. Hukumu isiyokaziwa, yaani ambayo bado haijatekelezwa, ihesabiwe kuwa shauri lililo wazi.

Kabla ya kufunga ofisi Desemba, kila jalada lililo wazi lipate jina la mtu atakayeliendeleza Januari, na mteja apigiwe simu kuambiwa jina hilo. Zamu ya simu iwepo sikukuu zote, watu wawili wawili, wenye vocha na namba ya dereva wa bodaboda anayekubali kutoka usiku.