Kapu la kupikia bila moto: lishone mwenyewe kwa mabaki ya cherehani

Ukipita mtaani kwetu Nkuhungu, hapa Dodoma, saa moja usiku, harufu ya chipsi inakufikia kabla hujaiona taa ya kibanda. Kwa miaka kama minne hivi nilikuwa mteja wa kudumu pale. Nafunga cherehani mgongo umekufa, naagiza chipsi mayai na soda, watoto wanashangilia, tunalala. Maharage nyumbani yalikuwepo, ndoo nzima. Ila maharage yanataka karibu saa tatu za jiko na mtu wa kulitazama, na saa hizo tatu mimi nilikuwa nimeshaziuza kwa wateja wa sare za shule.

Kilichonitoa pale kibandani ni kapu. Unachemsha chakula kwa muda mfupi, unakifungia kwenye kapu lenye mito minene pande zote, kinaendelea kuiva kwa joto lake chenyewe huku wewe uko kwenye shughuli zako. Sikulibuni mimi. Bibi yangu kule Mpwapwa alikuwa anafukia chungu cha njugu mawe kwenye majivu ya moto, anakwenda shamba, akirudi zimelainika. Hili ni jambo lilelile, isipokuwa majivu yamekuwa vitambaa.

Nitaanza na kushona, kisha kupika. Kama hujui kushona usikimbie. Ni mishono iliyonyooka na duara mbili, na sindano ya mkono inatosha ukiwa na subira.

Hatua ya 1: Chagua sufuria kabla ya kapu

Wengi wananunua kapu kwanza, halafu wanahangaika kutafuta sufuria ya kulienea. Anza na sufuria. Zile zetu za kawaida zisizo na mikono ndizo zinazofaa, kwa sababu mkono mrefu unaacha upenyo wa joto kutoka. Kifuniko kikae sawasawa, kisiwe kimebonyea.

Ukubwa ulingane na chakula unachopika kila siku, maana sufuria lazima ijae robo tatu au zaidi. Hili nimelilipia. Mara ya kwanza niliweka kikombe kimoja cha maharage kwenye sufuria kubwa ya shughuli, nikafunika vizuri, nikaenda kazini kwangu nikitamba. Mchana yalikuwa vuguvugu na magumu. Jioni yalikuwa na povu na harufu ya kuchacha, yakaishia shimoni. Chakula kidogo kina joto kidogo, na ile hewa tupu iliyobaki juu inalimaliza haraka.

Vipimo nitakavyotumia hapa ni vya sufuria ya lita 5, yenye kipenyo cha sm 24 na kimo cha sm 12. Yako ikiwa tofauti, kanuni ni hii: mto wa unene wa sm 10 kila upande, chini na juu.

Hatua ya 2: Kukusanya vitu

Unahitaji tenga au kapu lenye upana wa ndani wa sm 44 na kina cha sm 32 au zaidi kidogo. Matenga ya nyanya yaliyochoka utayapata sokoni Sabasaba au Majengo. Kwa kuwa tenga lina matundu, litandikie gunia ndani. Mwezi Julai upepo wa Dodoma hauombi ruhusa kuingia.

Vitambaa usinunue. Nenda kwa fundi yeyote jioni, mwombe mabaki. Kila siku tunakata sare, vitenge na suruali za watu, na vipande vinavyoanguka chini ya meza vinajaza kiroba kwa wiki. Mafundi wengi wanavichoma, na moshi wake unakwaruza koo mpaka kwa majirani. Ukivibeba umemsaidia.

Vitenganishe. Pamba ndiyo itakayogusa sufuria, kwa hiyo usikosee. Vuta uzi mmoja, uchome kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini linalopeperuka. Polista inajikunja, inayeyuka, inaacha kidonge cheusi kigumu, na hiyo iende kujaza ndani tu. Kanga iliyochakaa ni pamba nzuri kuliko zote kwa kazi hii.

Cha kujazia ni mambo matatu: maganda ya mpunga (yale magumu ya juu, siyo pumba laini), vitambaa vilivyokatwa vipande vidogo, na sufi ukiipata. Maganda yanatoka mashineni Bahi na huwa hayana mwenyewe. Yapepete vizuri, uyaanike juani siku mbili. Chenga za mchele zikibaki humo, panya watakuja kukushukuru usiku.

Hatua ya 3: Kukata na kushona

Kuna mito mitatu. Wa chini na wa juu ni wa duara: kata duara mbili za sm 52 kwa kila mmoja. Najua kapu lina sm 44, lakini mto ukijaa unavuta kitambaa ndani. Ukikata sm 44 utaishia na kibofu kinachoelea katikati na nafasi pembeni. Kuchora duara bila chombo: funga uzi kwenye chaki, shikilia ncha nyingine katikati ya kitambaa, uzi uwe na sm 26, zungusha.

Mto wa pembeni ni mrefu, unazunguka kama mkanda. Kata kipande cha sm 142 kwa sm 54, kikunje katikati kwa urefu. Kitambaa kikiwa kifupi unga vipande, hakuna atakayekukagua.

Shona upande wa ndani ukiacha mdomo wa sm 15, pindua, jaza, kisha ziba mdomo kwa mkono. Pitisha mshono mara mbili kwenye mto wa chini kwa sababu unabeba uzito. Halafu shona foronya za kanga za mto wa juu na wa pembeni, zinazovulika. Hii watu wanairuka, na baada ya mwezi mto unanuka kitunguu.

Hatua ya 4: Kujaza

Hapa ndipo kapu linapokuwa kapu au linapokuwa pambo. Kinachozuia joto lisitoke ni hewa iliyonaswa katikati ya vitambaa. Ukishindilia mpaka mto uwe kama tofali, hewa umeitoa, na joto linapita. Ukijaza kidogo, hewa inazunguka na kubeba joto. Mimi napima kwa ngumi: nikibonyeza mto uzame nusu, nikitoa mkono urudi taratibu.

Mto wa chini ujaze maganda ya mpunga, kwa kuwa hayabonyei chini ya sufuria. Wa pembeni jaza vipande vya vitambaa visivyozidi upana wa vidole viwili. Vikubwa vinajikunja na kufanya mabonge. Wa juu ujaze sufi au vitambaa vyepesi kabisa, uenee na kushuka pembeni ya kifuniko. Joto linapanda juu, kwa hiyo huu usiufanyie ubahili.

Panga kapuni: gunia, mto wa chini, mto wa pembeni, kisha juu ya mto wa chini tandika kipande kizee cha suruali ya jinzi cha kupokea masizi. Tumbukiza sufuria tupu, funika. Mkono ukipita kati ya sufuria na mto, ongeza vitambaa.

Hatua ya 5: Maharage ya kwanza

Usiku chambua kilo moja, osha, loweka kwenye maji mengi. Saa 8 mpaka 12 zinatosha. Asubuhi mwaga maji hayo kwenye mchicha au mpapai, suuza, weka maji mapya yapite maharage kwa pingili moja ya kidole. Yataonekana machache. Yaache hivyohivyo, kwa sababu kapuni hakuna mvuke mwingi unaopotea, na ukizoea kuongezaongeza maji kama jikoni utapata mchuzi wa kuogelea.

Chemsha. Yakianza kutokota kwelikweli, siyo kupiga chafya pembeni, tazama saa: dakika 20, kifuniko juu. Usipunguze. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali wa dakika 10 na zaidi. Ukiyapasha kwa moto wa vuguvugu tu na kuyatupia kapuni, sumu inabaki, na utatapika na kuharisha kabla jua halijazama. Nyongeza ile ya dakika nawawekea watu wa huku kwetu, kwa sababu Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Ndiyo maana shangazi yangu wa Dar es Salaam anasema maharage ya kwangu yana kiburi.

Chumvi kidogo si tatizo. Nyanya, ndimu na ukwaju visiguse sufuria sasa, maana uchachu unayafanya maharage yakatae kulainika. Magadi pia achana nayo. Yanalainisha, ni kweli, lakini yanaharibu vitamini B1, na ukishaloweka huna haja nayo.

Dakika ya 20 ikifika, toa sufuria bila kufunua kifuniko, ifute masizi kwa tambara, itie kapuni, weka mto wa juu, bonyeza pembeni. Hii iwe kazi ya dakika moja. Kapu liwe karibu na jiko kabla hujaanza. Mwenzangu mmoja aliliweka chumbani, akawa anatembea na sufuria kama mwenge.

Kwa muda wa saa 4 mpaka 5 usifungue. Kila unapochungulia umetoa joto ambalo hakuna moto wa kulirudisha. Waambie na watoto.

Mimi natia kapuni saa moja na nusu asubuhi, na saa sita na nusu narudi kula, kwa kuwa kibanda changu cha cherehani kiko hatua chache na nyumbani. Ukifungua mvuke ukupige usoni na kifuniko kisishikike kwa mkono mtupu. Hapo kaanga kitunguu, nyanya na karoti kwa mafuta ya alizeti, changanya, acha vitokote dakika kumi. Ukipenda karanga za kusaga, wakati wake ndio huu. Chakula kikiwa ni vuguvugu tu, yaani chini ya nyuzi 60, ni joto ambalo vijidudu wanalipenda. Kama kimekaa hivyo muda usioujua, usijidanganye kwamba kuchemsha upya kutakiponya. Kimwage.

Kwa wanaoshinda ofisini

Jirani yangu anafanya kazi Mji wa Serikali, Mtumba. Anatoka saa kumi na mbili asubuhi, anarudi saa kumi na mbili jioni. Alipoliona kapu alisema, "Shoga, si nitalikuta linanuka?" Ni kweli. Saa 12 ni nyingi mno, na mimi sivuki saa 6 za kukaa kapuni. Kwa hiyo yeye analitumia usiku. Anaporudi anachemsha maharage aliyoyaloweka asubuhi, huku ugali na mlenda wa siku ile vikiendelea. Saa moja na nusu yanaingia kapuni, saa tano na nusu anayatoa yameiva, anayagawa kwenye vyombo vifupi vipoe haraka, anaingiza kwenye friji. Kesho yake akirudi ni kuunga tu. Dakika kumi na tano, pungufu ya foleni ya chipsi.

Vyakula vingine, kwa kifupi. Choroko bila kuloweka: mchemko wa dakika 10, kapuni saa 2. Wali: chemsha dakika 5 maji yakiwa bado yanaonekana juu, kapuni saa moja, na hauungui chini. Makande ni kaidi; loweka usiku, chemsha dakika 30, kapuni saa 3, yarudishe jikoni yatokote dakika 10, kisha kapuni tena saa 2. Kuku wa kienyeji aliyekomaa, mkate vipande vidogo, mchemshe nusu saa, kapuni saa 3, na kabla ya kula mrudishe atokote tena. Nyama nzima yenye mfupa mkubwa siweki. Ugali usijaribu, huo unataka mkono.

Moto uwe wowote. Mwanzoni nilitumia mkaa, na kiasi kilichokuwa kinaivisha maharage mara moja kikawa kinanifikisha mara tatu. Sasa nina mtungi wa gesi wa kilo 6, na kapu ndilo linaloufanya ufike mwisho wa mwezi. Mkakati wa serikali wa nishati safi unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati hiyo ifikapo 2034. Kwa wengi wetu kununua mtungi siyo shida, shida ni kuujaza tena. Wewe unayetumia mkaa bado, jiko lichomee nje. Usiliingize ndani usiku eti libaki kupasha chumba, hewa yake inaua watu usingizini.

Kutunza

Foronya zifue kila wiki mbili. Mito ianike juani kila Jumamosi, kwa sababu mvuke unaingia hata ukifunika vipi. Kwetu jua si la kutafuta, isipokuwa Januari na Februari mvua zikikaza. Maganda ya mpunga yabadilishe mara mbili kwa mwaka, na yale ya zamani yatandaze bustanini chini ya mchicha yashike unyevu. Ukisikia harufu ya ukungu, anza kukagua mto wa chini. Mara nyingi kuna mchuzi ulimwagika siku fulani na hakuna aliyekiri.