Jinsi ya Kupanga Njia za Pakiti Katika Mtandao Mkubwa wa Vihisi Wenye Kumbukumbu Ndogo

Kabla ya kuchagua mpangilio wowote, piga kwanza hesabu ya kumbukumbu. Kihisi cha aina ya TelosB kina baiti 10,240 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi, nazo hugawanwa na mfumo endeshi, foleni ya pakiti (vipande vya data vinavyosafirishwa) na programu yako. Anwani ya IPv6, yaani ya kifaa katika mtandao wa intaneti, ni baiti 16. Ukiweka anwani ya mpokeaji pamoja na ya jirani wa kupitishia, kila njia inachukua baiti 32, na mtandao wa nodi (yaani vifaa) 500 utadai baiti 16,000 ndani ya kila nodi. Hazitoshei.

Kwa hiyo tumia RPL, itifaki (kanuni za mawasiliano) ya kupanga njia iliyotolewa mwaka 2012, ambamo nodi hupangwa kama mti: kila nodi humjua mzazi wake tu, yaani jirani aliye juu yake, na kumkabidhi data inayopanda kuelekea kwenye mzizi, nodi ya juu kabisa inayokusanya data. Uamuzi mzito unahusu pakiti zinazoshuka. Katika hali ya kuhifadhi, kila nodi hukumbuka vizazi vyote vilivyo chini yake, hivyo nodi zilizo karibu na mzizi ndizo zinazojaa mwanzo. Hitilafu hii huvizia: nodi 30 zitafanya kazi vizuri mezani, lakini shambani data itaendelea kupanda kama kawaida huku amri zako zikishindwa kuzifikia nodi za mbali, kwa sababu njia zake hazikupata nafasi jedwalini.

Ninapendekeza hali ya kutohifadhi, ambapo mzizi, ambao kwa kawaida ni kompyuta yenye kumbukumbu tele, hukumbuka mti mzima na kuiandika njia ndani ya pakiti yenyewe. Gharama yake ni nafasi, kwani fremu ya IEEE 802.15.4 (kipande kimoja kinachorushwa na redio za vihisi hivi) haizidi baiti 127. Zipe nodi anwani zinazofanana katika baiti 14 za mwanzo, ili kila hatua iandikwe kwa baiti 2 pekee.

Jedwali la majirani nalo liwekee kikomo, na mzazi anayetumika asiondolewe kamwe jedwali linapojaa.

Muda kati ya matangazo ambayo nodi hutoa kuwajulisha majirani hali ya mti uanzie takribani sekunde 4, ukiongezeka maradufu mara 8 hadi dakika 17 hivi mtandao unapotulia.

Hatimaye, ukiwa kwenye mzizi, itumie kila nodi pakiti moja na usubiri jibu. Kupokea data yake pekee hakuthibitishi kwamba inafikika.